Jina la Somoe

Mbagala, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vizuri, mguu umepungua uvimbe, na ukungu wa asubuhi haujakubana kifua kama mwaka jana. Maji je? Mnaendelea kuyafuata mbali, au lile tangi alilokujengea kaka Fidelis limeshika mvua? Mie huku ni mzima. Joto ni lilelile, chumba ni kilekile, na mama mwenye nyumba bado anakuita "mama yetu wa Newala", ingawa hajawahi kukuona. Juzi alipika ming'oko, vile viazi vya porini, aliyoletewa kutoka Mtwara, akanigawia sahani nzima. Nilikula nikakukumbuka mpaka nikashindwa kumaliza.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara nyingi nikiwa na haya ya kusema. Ukipokea unaniuliza nimekula nini, nakujibu, unacheka, halafu naishiwa nguvu. Najua nikianza tu utanikatiza na kuniambia hamna neno mwanangu, yameshapita. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuomba uisome mwenyewe, taratibu, usimpe mtu akusomee.

Ni habari ya ile karatasi ya ukoo niliyomtuma Fidelis ailete siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Baba.

Nilikuambia kwamba kwa Bwana Murtaza siku hizi sipimi vitambaa tena. Yule mzee kazaliwa hapahapa Dar, babake naye kazaliwa hapahapa, na duka la Temeke walikuwa nalo kabla mimi sijazaliwa. Watoto wake wametawanyika Ulaya na Kanada, na amepata hofu kwamba akiondoka yeye hakuna atakayejua nani ni nani. Akanunua programu ya ukoo, akaniweka ghorofani mbele ya kompyuta na maboksi ya makaratasi ya wazee wake. Kazi yangu ni kuingiza majina. Lakini jina peke yake halimtoshi. Kila ukiandika fulani kazaliwa mwaka fulani, kuna kisanduku kinafunguka pembeni: umejuaje? Nani kasema, lini, karatasi yenyewe iko wapi? Hicho ndicho wanachoita chanzo. Bwana Murtaza akikuta jina halina chanzo analifuta, hata liwe la babu yake. Anasema huo ni uvumi.

Mwanzoni nilivuruga sana. Chanzo kimoja nilikiandika mara kumi kwa majina tofauti, mara "cheti cha ndoa", mara "cheti cha babu", mara "karatasi ya boksi la bluu", kumbe ni karatasi ileile. Akanikalisha, akanionyesha namna ya kukiandika mara moja tu, kisha kukiunganisha na kila mtu anayehusika. Nikaipenda kazi ile, Mama. Nilikuwa napanga watu waliokufa zamani na kila mmoja anakaa mahali pake, na ukiuliza umejuaje, jibu lipo.

Ndipo nikapata wazo la kuandika na sie. Bwana Murtaza akaniruhusu kutumia kompyuta baada ya saa za kazi, nami nikaanza kukusumbua na simu. Unakumbuka. Ulikuwa unanitajia watu huku unabangua korosho, nasikia maganda yanaanguka kwenye beseni. Babu zako, shangazi zako, waliohamia Masasi, waliovuka Ruvuma wasirudi. Wote niliwaandika kwa neno lako. Chanzo: Mama, kwa simu, akiwa nyumbani Newala. Nikakiunganisha na kila mmoja kama nilivyofundishwa. Karibu mti mzima wa ukoo ulisimama juu ya neno lako.

Kisha siku ile nikakuuliza watoto wako, nikidhani ni swali la kupita tu, maana hao tunawajua. Ukaacha kubangua. Ukaniambia kabla ya Fidelis kulikuwa na mtoto wa kike, Somoe, aliyepewa jina la bibi mzaa baba. Alizaliwa msimu wa kuokota korosho Baba akiwa huku Dar anapakia mizigo bandarini, na akafa kabla Baba hajamwona. Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Ukaongeza kwamba hujawahi kumtaja mbele yetu.

Nikaandika. Kweli niliandika, Mama. Lakini nikataka na karatasi. Nikampigia katibu wa parokia, akatafuta kwenye kitabu cha ubatizo, hakuna. Nikampigia Shangazi Theresia kule Tandale, akaniambia yeye anavyojua mzaliwa wa kwanza wa kaka yake ni Fidelis. Basi. Programu ile ina sehemu ya kupima uzito wa chanzo: imara, wastani, dhaifu. Watu wote ulionitajia nilikuwa nimewapa wastani, hata wale uliosikia habari zao kwa bibi yako. Kwa Somoe nikabonyeza dhaifu.

Nilikuamini juu ya watu ambao wewe mwenyewe hukuwaona, nikakukatalia mwanao uliyemzaa.

Na halikuishia hapo. Siku ya kuchapisha nilitaka karatasi iwe safi, watu waione wasibishane. Kuna mahali unachagua ionyeshe yaliyothibitishwa tu. Nikachagua. Kwenye kioo cha kompyuta nikaona jina la Somoe limeondoka na Fidelis amesogea mahali pake. Nililiona, Mama. Sitaki udhani mashine ilikosea na mimi sikujua. Nilikaa nikatazama, nikajiambia nitamrudisha baadaye nikipata ushahidi, nikabonyeza.

Niongeze na hili maana liko moyoni. Nilikuambia sikupewa ruhusa ya kuja kwenye msalaba wa Baba. Sikuomba ruhusa. Ndugu wa Bwana Murtaza walikuwa wanakuja kutoka nje kuuona ukoo wao, nami nilitaka wakute kazi imekamilika, wanisifu. Nikaona karatasi itakuja badala yangu.

Fidelis aliporudi alipitia kwangu moja kwa moja kutoka stendi, begi bado begani. Alikuwa na furaha. Alisema karatasi ilibandikwa ukutani sebuleni, Baba mdogo Damasi akasimama akaisoma kwa sauti, watu wakawa wanaitikia wakisikia majina ya wazee wao. Alipofika kwa Baba na wewe akasoma: wa kwanza Fidelis, wa pili Skolastika. Fidelis akasema hapo ulinyanyuka ukaenda uani, wakajua ni uchungu wa Baba, wakakuacha. Jioni, wageni walipoondoka, alikukuta umesimama mbele ya ukuta umevaa miwani.

"Mama aliniuliza kama karatasi imekatika pembeni," Fidelis akaniambia.

Nikamuuliza alikujibu nini.

"Nilimwambia hapana, ni nzima. Akasema sawa."

Nilikaa kitandani. Fidelis akaniuliza kwani kuna kitu kilikosekana. Nikamweleza, maana singeweza kumficha tena. Akawa anavua viatu na kuvivaa. Mwisho akasema angelipenda kujua mapema, kwa sababu miaka yote hii watu wakimwita kifungua mimba wako, na wewe upo unasikia, yeye alikuwa anaitika. Hakunigombeza. Aliondoka bila kunywa chai niliyokuwa nimeinjika.

Kesho yake nilimwambia Bwana Murtaza. Nadhani nilitaka anitetee, aseme nilifuata utaratibu wake. Alikuwa anakagua kazi yangu, akavua miwani akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua ukoo wake mwenyewe, akanionyesha bibi yake mzaa mama. Chini yake kuna watoto watatu waliokufa wachanga ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewaingiza bila kufikiri. Hakuna cheti, hakuna kaburi linalojulikana. Chanzo: bibi mwenyewe. Uzito: imara.

"Mimi nilikufundisha kuandika chanzo," akasema. "Sikukufundisha kumshuku mama yako."

Akarudisha miwani akaendelea kukagua. Nami nikarudi kwenye maboksi, sikuona jambo la kulalamika.

Jumapili baada ya misa nikaenda Tandale kwa Shangazi Theresia. Nilimkuta uani anamenya ndizi za kuuza sokoni kesho yake. Nikachukua kisu nikamsaidia. Nikamuuliza tena, safari hii bila simu, bila wajukuu kusikiliza. Alimenya ndizi nyingi kabla ya kujibu. Akasema kwenye simu alishtuka, na kwamba neno lile walikatazwa. Baba aliporudi kutoka bandarini akaonyeshwa kaburi, alilia, halafu akasema jina la mtoto yule lisitajwe ndani ya nyumba yake. Bibi akawasisitizia wote. Shangazi akazoea kusema hakuna, mpaka likawa jibu lake.

"Mie ndiye niliyempokea mtoto, ameshakufa, mikononi mwa mama yako," akasema. "Alikuwa hataki kumwachia. Tulikaa naye mpaka jua likapanda."

Sasa nisikilize, Mama, maana hapa ndipo penye aibu yangu kubwa. Nilifurahi. Nilitoka Tandale natembea haraka, nawaza kwamba sasa nina shahidi wa pili, sasa naweza kubadilisha ule uzito. Nilikuwa nimeshapanda gari la kurudi Mbagala ndipo nikajiuliza ninafurahia nini. Mtu aliyenidanganya kwenye simu alipobadili maneno nikamwamini papo hapo, na wewe uliyeniambia kweli tangu siku ya kwanza nilikuwa bado nakutafutia mtu wa kukuunga mkono. Ulinyamaza na jambo lile maisha yote ya ndoa yako kwa sababu Baba alitaka hivyo. Baba alipoondoka ukanipa mimi, wa kwanza kabisa kuambiwa, na mimi nikakupima.

Nilitamani niteremke nikupigie palepale. Sikupiga.

Nimeshaandika upya. Somoe yupo mahali pake, Fidelis anafuata, kisha mimi. Kwenye chanzo nimeandika: Mama yake, aliyemzaa. Nimebonyeza imara. Shangazi nimemweka chini yako kama shahidi mwingine, kwa sababu na yeye alikuwepo na ana haki yake, lakini nilibadilisha uzito wa neno lako kwanza, kabla ya kuandika lake. Najua hiyo haifuti kitu. Nilitaka tu iwe hivyo.

Bado sijachapisha. Sitaki kukubandikia kitu kingine ukutani bila wewe kusema. Labda hutaki asomwe mbele za watu. Labda Baba alipokataza na wewe ulitaka hivyohivyo, sijui, sikuwahi kukuuliza. Ukitaka ile karatasi ya kwanza ibanduliwe, mwambie Baba mdogo aitoe leo, usingoje mimi. Ukitaka mpya, nitaileta kwa mkono wangu.

Na nakuja. Nimeomba likizo, safari hii nimeomba kweli, na Bwana Murtaza amekubali. Nitakuwepo msimu wa kuokota. Sileti daftari wala simu ya kurekodi. Nataka tu tukae, na ukiona vema unipeleke alipolala. Kwenye programu kila mtu ana nafasi ya maelezo, alikuwa mtu wa namna gani. Kwa Baba nimeandika mengi. Kwa Somoe pako wazi, na sitaki kupajaza kwa maneno ya Shangazi wala ya mtu mwingine yeyote. Kama alikuwa analia sana au ni mtoto mpole, kama alifanana na nani, hayo unayo wewe. Ukitaka kunipa nitayapokea. Ukitaka kubaki nayo, pataendelea kuwa wazi na hakuna atakayekuuliza.

Usiniambie hamna neno, Mama. Neno lipo. Ukikasirika, nikasirikie, hasira nitaivumilia kuliko ile "sawa" uliyomwambia Fidelis.

Nisalimie Baba mdogo Damasi, na mke wake aliyenifundisha kusuka mikeka. Msalimie jirani yako anayekuchotea maji mguu ukikusumbua, mwambie zawadi yake naijua. Katibu wa parokia nitamwona mwenyewe nimshukuru kwa kutafuta. Fidelis alikuja tena Jumatano, tulikunywa chai, ameniambia anakusalimia na kwamba hana kinyongo cha kuwa wa pili. Shangazi Theresia anakusalimia pia. Hakusema zaidi, ila alinishika mkono muda mrefu mlangoni, nikajua salamu hiyo nikufikishie.

Mungu akulinde mpaka nifike.

Mimi mwanao wa tatu,

Skolastika