Kadi Nne Ndani ya Kasha Moja

Groningen, Uholanzi
Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Naanza na goti kwa sababu kila nikipiga simu unaniambia mko sawa, kisha namsikia Baba nyuma yako akisema, "Mwambie ukweli." Basi niandikie ukweli. Niambie pia kama nyanya yetu Kogo anakula vizuri, kama mvua imerudi huko Kiptere, na kama yule ng'ombe mweusi ameshazaa au bado anawachezea akili. Mimi ni mzima. Baridi imepungua na sasa naweza kutoka nje na sweta moja.

Barua hii nimempa binti mmoja wa Silibwet anayesoma hapa, anakuja likizo. Ataipitisha dukani kwa mjomba, kule Sotik. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu kuna mambo ambayo kwenye simu hukatika kabla sijayafikia, na wewe unajua jinsi ninavyochukua muda kuyafikia.

Mwezi uliopita uliniuliza, "Lakini Chelangat, ukishafika huko kazini, unashika nini?" Nikasema nashika kompyuta. Ukasema, "Haya." Ni ile haya yako ya kumwachia mtu mambo yake. Nimeibeba haya hiyo tangu siku ile, na leo nataka nikujibu vizuri.

Tuko watu tisa katika kampuni yetu. Wakulima wa viazi wanatutumia picha za majani ya viazi vyao, na kompyuta inawaambia kama ugonjwa umeingia, kabla mtu hajauona kwa macho. Lakini kompyuta haizaliwi ikijua. Lazima ifundishwe kwa kuonyeshwa picha nyingi mno, tena na tena, hadi ijue jani zima na jani gonjwa. Kazi hiyo ya kufundishwa haifanywi na kompyuta yote. Inafanywa na kipande kimoja ndani yake kinachoitwa kadi ya michoro. Kina ukubwa wa tofali, na zamani kilitengenezwa kwa ajili ya vijana wanaocheza michezo ya kompyuta, ili picha zao zitembee bila kukwama. Baadaye watu wakagundua kwamba kinafaa kufundishia. Kikifanya kazi kinapata moto sana. Shika hilo la moto, Mama, ndilo lililoniletea habari yote hii.

Kadi yetu ya zamani ilikuwa imechoka, na wenye kampuni wakakubali tununue nne mpya za aina ya juu kabisa, tuziweke zote ndani ya kasha moja. Nafasi ya kununua ilikuwa moja tu. Tukikosea, tungekaa na kosa letu miaka mingi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia kwenye simu. Wiki mbili kabla ya hapo, mkubwa wetu, Marijke, aliniita ofisini kwake. Ni mama wa makamo, hana maneno mengi, wala hapendi kuzungusha. Alisema, "Kazi yako ni safi. Lakini kwenye mikutano sijui unafikiri nini. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, na siwezi kumbakisha mtu nisiyemsikia." Nikajibu nimeelewa. Nilipotoka nilijilaumu kwamba hata hapo nilikuwa nimesema neno moja tu. Nikajiona kabisa nikirudi nyumbani na cheti changu na sanduku langu, nikikueleza kwamba sikufukuzwa kwa uvivu wala kwa ujinga, nilifukuzwa kwa kunyamaza.

Nirudi kwenye kadi. Utashangaa kwamba moyo wa kadi hizi ni mmoja, unatoka kwa mtengenezaji mmoja, halafu kampuni mbalimbali zinauvika nguo zao. Ni kama chai ya kiwanda kimoja inavyotiwa kwenye pakiti tatu, kila moja na rangi yake na sifa zake. Kinachotofautiana zaidi ni namna ya kuupoza ule moto. Tulikuwa na matoleo matatu. Moja lilipozwa kwa mipira ya maji, na hilo lilikataliwa mapema kwa sababu hakuna aliyetaka maji karibu na umeme wetu. La pili lilikuwa kubwa, zuri, feni tatu upande mmoja na taa za kubadilika rangi kama za harusi. La tatu lilikuwa jeusi, limefunikwa pande zote kama sanduku la viatu, na feni moja tu iliyojificha kwenye ncha. Mtu akiliona hawezi kuamini kwamba ndani yake kuna moyo uleule.

Joost alilitaka lile la feni tatu. Huyu ndiye fundi wetu. Amekuwa akifungua kompyuta tangu akiwa mtoto, na ana kadi kama hiyo nyumbani kwake kwa ajili ya michezo yake. Ni mtu mzuri, ila anaongea mfululizo. Duka lilituazima kadi mbili za kila toleo, kati ya yale mawili yaliyobaki, kwa siku tatu. Siku ya kwanza Joost akaweka moja ya feni tatu, akaijaribu, kisha akaitoa akaweka ile nyeusi. Ile ya feni tatu ilikuwa na mwendo zaidi kidogo, na haikuwa na kelele. Ile nyeusi ilivuma.

"Sikilizeni hii," Joost akasema. "Inalia kama kikaushio cha nywele cha nyanya yangu."

"Nyanya yako ana nywele?" mtu akamuuliza.

"Alikuwa nazo kabla hajanunua hicho kikaushio."

Watu wakacheka. Marijke akasema basi jambo limekwisha, akavuta fomu ya kuagiza.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kasha. Wakati wa majaribio nilikuwa nimeweka mkono wangu hapa na pale, nikitafuta upepo unakwenda wapi. Ile ya feni tatu ilikuwa ikiupuliza moto wake pembeni, ndani kwa ndani, uzunguke humo humo kwenye kasha. Ile nyeusi ilikuwa ikivuta hewa upande mmoja na kuutema moto wote nje, nyuma ya kasha. Nikatazama zile nafasi nne za kadi. Zimebanana, Mama. Kati ya kadi na kadi kidole hakipiti vizuri. Nikajua. Nilijua kwa mkono kabla ya kujua kwa kichwa, na nitakuambia nilijifunzia wapi, ingawa ni jambo ambalo nimekuficha tangu nikiwa darasa la sita.

Ni ile wiki uliyokuwa hospitalini na mdogo wangu Kipkoech akiwa mchanga. Baba alikuwa anashinda huko kwako, na mimi ndiye niliyechuma chai. Ulikuwa umenifundisha vizuri, majani mawili na chipukizi, na nilichuma kwa hasira ya kutaka kukuonyesha. Siku ile majani yakawa mengi kuliko gunia. Sikutaka kwenda kituo cha kupimia chai mara mbili, basi nikayashindilia. Kwanza kwa mikono, halafu nikavua viatu nikaingia ndani ya gunia nikayakanyaga kwa miguu. Nikalifunga, nikalibeba, nikajisifu njia nzima. Lori likachelewa kama kawaida, na gunia likakaa vile vile, limefungwa.

Karani alipolifungua, majani ya juu yalikuwa mabichi na baridi. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa haraka.

"Huyu msichana ni wa nani?" akauliza.

"Ni wa mama Chelangat, yule wa Sotik," mwanamke mmoja akajibu.

"Ameleta chai imeshaiva. Yamebaki maziwa tu."

"Na sukari," mwingine akasema. "Wacha tukalete vikombe."

Karani akauchukua mkono wangu akauingiza katikati ya gunia. Kulikuwa na moto kama ndani ya mkate uliotoka kuokwa. Nilipochota, majani yalikuwa yamegeuka mekundu kingo zote. Akaniambia, bila ukali, "Jani linapumua, msichana wangu. Ukilibana linajipika lenyewe." Akayakataa yote. Niliyamwaga nyuma ya kituo, na ulipotoka hospitalini nikakuambia lori lilijaa kabla sijafika. Halikujaa, Mama. Nisamehe. Wewe uliyekuja Kiptere kwa ndoa ukajifunza chai hadi ukawapita waliozaliwa ndani yake, niliona aibu kukuambia kwamba binti yako amepika gunia zima.

Basi nikiwa pale na mkono wangu kwenye kasha nikasema, "Tumejaribu moja. Tutaweka nne."

Nilisema polepole mno, kama nilivyozoea. Joost aliendelea kuongea. Kalamu ya Marijke ilikuwa imeshagusa karatasi.

Nikasema tena, na mara hii sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Hiyo fomu isubiri."

Marijke akainua kichwa. "Kwa nini?"

Nikaeleza. Nikasema kadi moja peke yake ina hewa yake, na hapo ile ya feni tatu inashinda kweli, Joost hakusema uongo. Lakini zikibanwa pamoja, kila moja itampulizia jirani yake moto, na za katikati hazitakuwa na pa kupumulia. Kadi ikizidiwa na moto hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Tutakuwa tumenunua mwendo ambao hatutaupata.

"Kasha lina feni zake," Joost akasema. "Zitautoa moto."

"Zitautoa ule unaozifikia," nikamjibu. "Wa katikati hautoki."

"Umeshawahi kuunga kadi nne, Chela?"

"Sijawahi. Na wewe?"

Akakuna kichwa. Hakuwa amewahi. Yeye nyumbani ana moja, na kwa moja anajua kila kitu.

Marijke akaweka kalamu chini. Akasema tuna kadi mbili za kila aina, tuziweke mbilimbili, zibanane kama zitakavyobanana, na zipewe kazi halisi mchana mzima. Kesho yake tukaanza na zile za feni tatu. Saa ya kwanza zilikwenda vizuri sana, na Joost akawa anapiga mluzi. Nikakaa kwenye kiti changu nikijiuliza kama ninaujua moto au naujua moto wa majani tu. Kufikia saa ya tatu, kadi ya juu ilianza kupungua mwendo. Ikapungua tena. Joost akaacha mluzi. Akafungua ubavu wa kasha, akaweka mkono, akautoa kama yule karani.

Baada ya chakula tukaweka zile nyeusi. Zilivuma hadi tukawa tunaongea kwa ishara, lakini zote mbili zikaenda mwendo mmoja hadi jioni, bila kupungua hata kidogo. Nyuma ya kasha kulikuwa na upepo wa moto ambao ungekausha soksi.

Joost akaja mezani kwangu. "Kwa nini ulingoja hadi kalamu iguse karatasi?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Siku nyingine fikiri mapema. Nimeshaanza kuzoea taa za rangi."

Sasa kadi nne nyeusi ziko kwenye stoo, mlango umefungwa kwa sababu ya kelele. Zinafanya kazi usiku na mchana, na hakuna hata moja iliyopunguza mwendo. Kwenye fomu ya kuagiza, mahali pa kuandika nani amechagua, Marijke aliniambia niandike mimi. Niliandika jina langu lote, na la Baba, herufi zote. Nilitembea kurudi nyumbani siku hiyo bila kusikia baridi. Sijui kama kujivuna ni dhambi, utamuuliza pasta. Mimi nilijivuna.

Ijumaa iliyopita Marijke alinipa mkataba mpya wa miaka miwili. Nilitaka kuusaini hapo hapo kwa furaha. Nikajizuia, nikausoma wote mbele yake huku akingoja, kisha nikasema kuna jambo moja: kila Desemba nahitaji wiki tano za kuwa nyumbani.

"Watu hupewa tatu kwa mpigo," akasema.

"Najua. Kwetu ni mbali."

Akauvuta mkataba upande wake. "Mwezi uliopita ungesaini bila kusoma."

"Ndiyo."

Akaandika nne, pembeni kwa kalamu, akatia saini yake, na mimi nikatia yangu.

Wasalimie wote huko. Baba, mwambie jina lake limekaa vizuri kwenye karatasi ya Wazungu, halikukosewa. Kogo umsomee polepole na umtafsirie, usiruke palipo na gunia, atafurahi kunicheka. Kipkoech umwambie asome hesabu na aache kunitumia picha za pikipiki. Shangazi Senge aliyeniombea kila Jumatano, mwambie sala imefika. Mjomba wa Sotik, asante kwa kuipitisha barua. Na wamama unaochuma nao, wasalimie mmoja mmoja.

Jambo la mwisho nimelihifadhi hadi hapa kwa kuwa ni gumu. Uliniambia nikimaliza mwaka nirudi, na nilikuahidi. Nakuja Desemba kwa wiki nne, halafu nitarudi huku. Hakuna aliyenilazimisha, Mama. Nimechagua mwenyewe, na nilitaka ulisikie kwangu kwanza, kwa sauti yangu, hata kama utaguna. Ukiguna, guna. Mimi nitakusikiliza hadi umalize, kisha nitakueleza sababu zangu, zote.

Binti yako akupendaye,
Chelangat