"Sawa" ya Nekesa

Mjukuu wangu Nafula,

Natumaini baridi ya huko imekuacha salama. Hapa Kitale tumekwisha kupalilia mahindi, na goti la babu yako limetulia. Barua yako, hata hivyo, imeninyima utulivu. Unauliza kama karani wako ataacha kazi, kwa kuwa ulimkatalia kuingia saa tatu badala ya saa mbili, naye akajibu tu, "Sawa."

Nilipokuwa msimamizi wa maabara ya mbegu, Nekesa, mpimaji wetu hodari, aliniomba vivyo hivyo ili apate kumnyonyesha mwanawe.

"Na wengine wakiomba?" nikamuuliza.

"Sawa, Madam."

Nikaandika kwamba amekubali. Wiki iliyofuata hakurudi. Baadaye nilimkuta kwao, sokoni Chwele, akiuza vitunguu, mtoto mgongoni.

"Hapa nafungua saa tatu, Madam," akacheka, "na vitunguu havijanishtaki bado."

Labda angeondoka hata kama ningemruhusu. Sijui, na kutojua huko hunisumbua hadi leo. Sikumuuliza "sawa" yake ilikuwa na maana gani. Wewe bado una nafasi. Ukimaliza kusoma, mpigie karani wako simu.

Kukhu wako