Waya Uliomshinda Ezekia Meno

Lupembe, Jumanne, Juni 1956

Na bado Ezekia anajiita fundi mkuu.

Jana lori la Makambako lilileta vipande viwili vya waya, tuchague mmoja wa kufunga kwenye tanuri la kukaushia chai. Mmoja umevikwa mpira mweusi, ule ule ambao joto huukausha hadi ukapasuka na kuacha shaba uchi. Wa pili umevikwa plastiki nyeupe, ngeni kwetu, inayoteleza kama sabuni. Niliulaza juu ya tanuri hadi leo asubuhi. Haukulainika, haukunuka, haukubadilika hata rangi.

Ezekia akautia mdomoni. Yeye humenya waya kwa meno, na meno yakateleza. Akauma tena, yakateleza tena, watu wakacheka. Akautema.

“Huu haufai,” akamwambia bwana meneja. “Haumenyeki. Tuagize wa mpira.”

Nikatoa kisu changu, nikaumenya mbele yao.

“Shemeji, unanifundisha kazi?”

Ezekia ni kaka wa mke wangu. Nikasema, “Hapana, shemeji,” nikarudisha kisu mfukoni. Bado nasikia uchungu wa neno hilo.

Meneja ameagiza wa mpira. Siku mpira ukipasuka, Ezekia atasimama mlangoni akielekeza kwa kidole. Mkono utakaoingia nyuma ya tanuri, kwenye shaba iliyo uchi, ni wangu. Naogopa, na sina wa kumwambia.

Mke wangu anataka tumwalike kaka yake chakula Jumapili. Nimekubali. Nimemwambia achinje jogoo mzee kuliko wote.

Meno si anayo.