Ngumi Zikianza, Usikate Muziki

Tucumcari, New Mexico
6 Machi 2022

Shemeji Delbert,

Pokea salamu zangu, zimetoka kwenye upepo mbaya kweli. Hujambo wewe, na ndugu yako Lyle hajambo? Ule mguu wako wa kushoto umepona au mmeshazoeana? Mimi mzima, kasoro usingizi tu, na huo nao sijawahi kuwa rafiki yake.

Najua unashangaa. Tangu tumzike dada yangu Oleta, miaka sita sasa, mimi na wewe hatujazidisha maneno kumi. Basi sikiliza. Nimeuza nyumba ya Amarillo. Nimenunua kijumba cha kukokota, nakifunga nyuma ya gari, naenda. Nikikaa mji mmoja wiki nzima miguu inaniwasha. Mtu wa miaka sabini na sita! Jana nimeketi mkahawani, nimeletewa nyama ya kukaanga na mchuzi mweupe, redio ikapiga wimbo wenye fidla mbovu kiasi kwamba niliacha sahani nikatoka. Nikakaa garini nikaikumbuka bendi yetu, Vijana wa Salt Fork, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akanigongea kioo kuuliza kama nina mtu wa kumpigia simu.

Unaikumbuka ile baa ya njia ya Texas waliyotuweka mlangoni mwa choo? Kila mlevi akipita analikwaruza gita lako la stili, lililosimama kama meza, kwa mkanda wa suruali, halafu analiinamia, "Samahani, mama." Na Cletus kwenye dramu amelala fofofo, mikono inapiga yenyewe. Ulimrushia yai la kuchemsha la kwenye mtungi wa siki, likampata katikati ya paji la uso, akazinduka: "Moja, mbili, tatu, nne!" Na wimbo tulikuwa tunaumaliza.

Cletus kafa. Wa besi kafa. Bendi nzima tumebaki mimi na wewe. Nataka nije na fidla yangu, wewe utafute gita la stili popote, tupige hata nyimbo tatu hapo uani kwako. Halafu kuna jambo nataka kukuambia. Kuliandika sitaki.

Nijibu kwa posta ya hapa, watanishikia barua.

Shemeji yako,
Verlon


Harlow Creek, Oklahoma
19 Machi 2022

Shemeji Verlon, mzee wa barabarani,

Barua imefika na sisi tumo. Mguu haujanizoea wala mimi sijauzoea. Lyle ana sukari, na lile jicho moja alilobakiwa nalo linaingia ukungu, kwa hiyo macho yake sasa ni mimi. Barua yako nimemsomea mezani kwa sauti. Kwenye yai la Cletus kahawa ilimtoka puani. "Rudia hapo," akasema, nikarudia mara tatu. Andika mengi, televisheni imemchosha.

Ila yai ulirusha wewe, mwongo mkubwa. Mimi nilikuwa nimeinamia nyuzi kama kawaida. Ninyi wa fidla mnasimama mnaona kila mwenye sketi nyekundu. Mpiga stili anakaa kitako, nyuzi kumi mbele yake, kipande cha chuma mkononi, na lazima jicho lifuate hicho chuma. Kwenye wimbo wa mbio ukiinua uso, umeteleza, na ukumbi mzima umesikia.

Stili sitafuti. Niliiuza Oktoba ya 1981 na sababu unaijua. Wewe ndiye uliyekuwa kiongozi, ukatuwekea sheria: ngumi zikianza, usikate muziki. Ukikata, watu mia mbili waliokuwa wanacheza wanabaki hawana la kufanya ila kuchagua upande. Sheria nzuri, sikatai, imeokoa viti vingi. Lakini Jumapili ile ya Agosti, ukumbi wa Bluestem, saa kumi alasiri, aliyekuwa chini pale kaunta akipigwa mateke na wale jamaa wa visima vya mafuta alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Hatua ishirini kutoka nilipokaa. Na mimi nimeinama, napiga zamu yangu ya kuongoza wimbo, najisifu moyoni. Sikuinua kichwa hata mara moja, Verlon. Ningeinua, Lyle angekuwa na macho mawili.

Yeye huniambia niachane na hayo. Ni rahisi kusema.

Wewe njoo ule. Fidla iache garini. Na hilo jambo lisiloandikika ni jambo gani?

Shemeji yako,
Delbert


Dalhart, Texas
20 Aprili 2022

Shemeji,

Hamjambo nyote? Sukari ya Lyle inaendeleaje? Mimi sijambo. Barua yako imenikimbiza miji mitatu, walionishikia hapa nao walikuwa karibu kuirudisha.

Mwambie Lyle namkumbuka alivyokuja mara ya kwanza kutubebea spika, anajifanya bega haliumi. Mwambie na ile siku mwenye baa alipomwachia mbwa wake apande jukwaani, mbwa akalala juu ya pedali za stili, na wewe ukapiga wimbo mzima kwa vile vyuma vya magotini tu kuliko kumwamsha. Watu wakasema hawajapata kusikia stili inalia vile.

Sasa nikuambie ukweli. Pasaka nilikuwa nije. Nilioga, nikanyoa, nikanunua pai. Nikafika hadi Shamrock, nikaegesha, nikanywa kahawa vikombe vinne, halafu nikageuza gari. Pai nimeila mwenyewe siku tatu.

Usiniulize kwa nini. Kesho nahama hapa, nitakuandikia nikifika.

Shemeji yako,
Verlon


Harlow Creek
24 Aprili 2022

Shemeji Verlon,

Sisi wazima, na tumekasirika. Shamrock! Toka Shamrock mpaka mezani kwangu ni saa moja na nusu, hata kwa gari lako. Tulikuwa na maharage na mkate wa mahindi hapa tunakula wawili kama watu waliofiwa. Lyle anasema ukila pai ya mtu peke yako inakukaba.

Huyu si wewe. Mbuzi wangu mwenye viroboto anatulia kuliko wewe. Kama unaumwa, sema. Kama Oleta alikuachia neno langu ukashindwa kulifikisha, lifikishe. Mficha uchi hazai. Nimekujua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemwoa dada yako, nimelala nawe kwenye gari ambalo mlango wake tuliufunga kwa kamba. Kuna nini unachoweza kuniambia kikanishinda?

Liandike, mradi nilijue.

Shemeji yako,
Delbert


Liberal, Kansas
27 Mei 2022

Shemeji Delbert,

Tafadhali, barua hii usimsomee Lyle. Isome peke yako.

Naomba muwe salama. Nimeianza mara sita, na kila nikichana nahama eneo la kuegesha, kana kwamba karatasi ndiyo yenye makosa.

Pale Bluestem mimi niliona.

Nilikuwa nimesimama, ulivyosema mwenyewe, nikiona kila kitu. Niliona ngumi ya kwanza, nikaongeza kasi kama sheria yetu. Watu wakasogea, pakawa wazi, nikaona aliye chini ni Lyle. Alikuwa amepiga magoti, ameshika mguu wa kiti. Aliangalia jukwaani. Aliniangalia mimi, Delbert. Ningeweza kushusha upinde. Ningeweza kukupiga teke la bega. Badala yake nikakuelekezea upinde, ishara kwamba zamu ni yako, na ulipomaliza mzunguko nikakuelekezea tena, na tena. Mizunguko mitatu. Nilijua ukiwa kwenye zamu yako hutainua kichwa. Buti la machoni lilikuja kwenye ule wa tatu.

Kwa miaka mingi nimejiambia niliogopa vurugu, nilimwogopea Oleta aliyekuwa amekaa mlangoni na muhuri wake wa wino, akiwagonga mikononi waliolipa. Kuogopa niliogopa. Lakini kuna lingine, na hili ndilo linalonikimbiza. Siku ile tulikuwa tunapiga vizuri kuliko siku zote za maisha yetu. Unakumbuka? Hata Cletus alikuwa macho. Nikajiambia, amalize tu hii, ndipo nikate. Nilitaka kusikia utakavyomaliza.

Na hospitalini ulipouliza, nikakushika mabega nikakuambia, "Hakuna aliyeona, kaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona." Ukaniamini.

Majuto ni mjukuu, na wangu sasa ni mtu mzima. Sijui niombe nini. Nitangoja jibu hapa, safari hii sihami.

Shemeji yako, kama bado ndimi,
Verlon


Liberal, Kansas
17 Julai 2022

Shemeji,

Natumaini mu wazima. Nimekaa mji huu wiki saba, sijawahi kukaa hivi tangu niuze nyumba. Kila asubuhi naenda posta. Yule dada wa dirishani sasa ananitikisia kichwa kabla sijafungua mlango.

Sidai jibu zuri. Nitukane, lakini niandikie.

Verlon


Harlow Creek
25 Septemba 2022

Verlon,

Lyle hajambo, jicho linazidi kufunga. Mimi nimekula na nimelala kidogo, hiyo ndiyo hali.

Barua yako niliifungua mezani kama nilivyozoea, nikaanza kusoma kwa sauti. Mstari wa kwanza ukasema usimsomee Lyle, na alikwisha kuusikia. Nikaikunja. "Endelea," akasema. Nikamwambia hii ni yangu. Akasema, "Delbert, nimekuambia endelea." Basi nimeisoma yote, mpaka jina lako, sauti inanitoka kama ya mtu mwingine.

Nilipoiweka chini, akasema, "Ndiyo. Aliniangalia."

Alijua! Miaka arobaini na moja analala chumba cha pili, anajua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Mwanzoni nilijisemea nikikuambia utaacha bendi. Ukaacha vilevile. Baadaye nikasema utamfukuza Verlon, na Oleta atalia kila sikukuu. Halafu nikazeeka." Nikamwambia kwa miaka yote hiyo amenitazama nikijichukia. Akasema, "Nilikukataza. Kila mara nilikukataza." Kisha akaniomba nimpitishie siagi, na mimi nikatoka nje nikakaa huko mpaka giza.

Karibu miezi minne nimezunguka ua huu hadi mbwa kachoka kunifuata. Sikukujibu kwa sababu kila nililoandika lilikuwa tusi, na matusi ya kutumwa kwa posta hayana ladha.

Nikuambie lililobaki baada ya matusi. Wimbo ule ulikuwa wa dakika tano. Kwa dakika tano sikuhukumu. Mtu anaogopa, mtu ananogewa, na kweli siku ile tulipiga vizuri, nami nilijua, na nilijichukia kwa kujua. Lakini baada ya zile tano ulikuwa na miaka arobaini na moja. Ulikula mezani kwangu kila Krismasi Oleta akiwa hai. Ulinisikia nikisema mimi ndiye niliyempofusha ndugu yangu, ukatazama sahani yako. Ulikuja nilipouza stili, ukanisaidia kuipakia kwenye gari la mnunuzi! Neno moja lingetosha. Ningekupiga ngumi, tungegombana mwaka mzima, halafu ningerudi kukaa kwenye kiti changu na kupiga. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Jicho la Lyle walichukua wale jamaa. Muziki wangu umechukua wewe.

Lyle anasema alikusamehe zamani. Hilo ni lake, jicho lilikuwa lake. Langu mimi bado, na sikuahidi.

Sasa kuna neno lake, na ameniapisha niliandike. Anasema jicho halitafika Krismasi, na anataka kukuona ukipiga fidla wakati bado anaona. Mimi nimemkatalia mara nne. Yeye kashikilia: "Basi mwambie mgeni ni wangu." Haya, mgeni ni wake. Jumapili tarehe tisa Oktoba, baada ya kanisa, uani. Kiti chake kitakuwa karibu na ngazi, simama upande wake wa kulia ndiko anakoona.

Mimi nitakuwa ghalani natengeneza trekta. Trekta ni zima. Huenda nikatoka, huenda nisitoke, sijui mwenyewe, na usinitafute kwa macho wala usimtume Lyle aniite. Ila mlango wa ghala nitauacha wazi.

Piga hata kama sitoki.

Kaka yake Lyle,
Delbert