Basi Zima Niliandika Mgeni Mmoja

Shikamoo mshauri. Naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo baba ataitwa mbele ya kamati ya uchunguzi, na daftari watakalomwonyesha limeandikwa kwa mkono wangu.

Baba ni mlinzi wa lango la msitu wa hifadhi wenye maporomoko ya maji. Wageni wanaoruhusiwa ni mia mbili kwa siku, kwa sababu njia ni nyembamba na daraja ni la mbao, lakini mkubwa wake hataki kusikia mtu amerudishwa langoni, hivyo wakati wa likizo baba hunichukua nimwandikie daftari la wageni, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na basi la wageni likifika huniambia, "Andika mmoja, mwanangu. Hilo si basi moja?" nami hucheka nikaandika mmoja. Jumamosi daftari lilisema wageni sitini na wawili, ila niliwaona wamejaa njiani kama siafu, wanakanyaga miche, na saa nane mchana daraja likakatika. Mama mmoja amefariki. Mwanawe amelazwa, bado anawauliza wauguzi mama yuko wapi.

Kamati imesoma daftari ikasema wageni walikuwa wachache, kwa hiyo kosa ni la fundi wa daraja, na sasa yuko rumande. Baba ananiambia, "Ukifungua mdomo umenizika." Nampenda baba. Nifanye nini?

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Nikugombeze kidogo: ulijua basi si mtu, ukacheka. Lakini aliyekuamuru ni baba yako, na nyuma yake yuko mkubwa wake. Mzigo huo si wako peke yako.

Usifute hata mstari mmoja. Leo, mama yako akiwepo, mwambie baba kwa adabu kwamba Jumatatu utasema, na afadhali atangulie yeye. Akikataa, nenda na mama au mwalimu wako wa darasa, uieleze kamati "mmoja" ilikuwa na maana gani. Kama uliandika namba za mabasi, waonyeshe. Madereva watakumbuka walibeba watu wangapi.

Usipofanya hivyo, fundi atafungwa, daraja jipya litajengwa, na watu watajazwa tena vilevile, kwa kuwa kwenye karatasi msitu haujawahi kujaa.

Sikudanganyi: baba yako anaweza kufungwa. Utalia, naye huenda akakununia muda mrefu. Lakini mtoto aliyelazwa atakua, na siku moja atauliza walikuwa wangapi pale darajani. Aambiwe idadi ya kweli.