Babu Jaruba Anamwita Loisi

Chang'ombe, Dodoma
Jumatatu, baada ya chai

Kwako mdogo wangu Loisi,

Mbukwa, mama. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama magoti yako yatalalamika na utasema ni mimi nimekuchosha. Mimi hali yangu ni nzuri ukiondoa mwili. Wewe je? Wajukuu wazima? Mpunga umepata maji mwaka huu au mnalima vumbi kama sisi wa mjini? Na yule mbuzi wako wa jicho moja, bado anamtazama kila mgeni kama anayemdai?

Kwanza nikupe habari ya kujivunia ukienda kanisani. Kaka yako sasa ni mtu wa Serikali. Nina ofisi kule Mtumba, nina kiti kinachozunguka, na watoto wa wakubwa wanasimama wote nikiingia.

Haya, usiende kuwatangazia majirani. Ni uongo. Mtumba nimefika mara moja tu, na mlinzi akanirudisha getini kwa sababu nilishindwa kusema nimekuja kumwona nani. Kiti kinachozunguka ninacho, lakini kinazunguka kwa sababu kimevunjika shingo. Ila hilo la watoto kusimama ni kweli tupu, na ndilo lililonifanya nikae chini na kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara tatu, Loisi. Kila ukipokea nakutania, nawe unanitukana vizuri sana, tunacheka, tunakata, na jambo lenyewe linabaki limenikaa kooni. Nikaona bora karatasi. Karatasi haicheki. Castory anakuja huko Bahi kufuata mchele, nitamkabidhi yeye. Soma mwenyewe, usimpe mjukuu akusomee. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne halikuniacha na mwingine. Nataka uje Dodoma Jumamosi hii, lakini usipande basi kabla hujafika mwisho wa barua, maana ukifika mwisho huenda usitake tena kuiona sura yangu.

Hapa mjini, karibu na reli, kuna ukumbi wa maonyesho. Kila Jumamosi na Jumapili saa nane mchana kikundi cha vijana wanaigiza kwa ajili ya watoto na wazazi wao, bure kabisa. Mwanzoni watu hawakuamini. Walifika mlangoni wakiuliza kiingilio, wakiambiwa hakuna wanarudi nyuma hatua mbili, wanadhani ni kampeni au ni kanisa jipya. Sasa unajaa hadi ngazini. Wanakuja wenye magari kutoka nyumba za watumishi, wanakuja wanaotembea kwa miguu kutoka huku kwetu, watoto wote wanakalishwa chini kwenye mikeka, na baada ya dakika kumi huwezi kujua nani ni wa nani, maana wote midomo ni myekundu kwa ubuyu. Mkubwa wao ni binti mmoja wa Kondoa anaitwa Munira. Mdogo wa mwili, lakini akisema nyamazeni hata popo wa darini wananyamaza.

Mimi pale nilianza kama mtandika mikeka. Siku moja mwigizaji wao alichelewa, watoto wakaanza kulia na kurushiana karanga, Munira akanigeukia akaniambia babu, nishikie watoto hawa dakika tano. Sasa mimi nina nini cha kuwashika watoto mia mbili? Hadithi zangu nyingine unazijua, zingefungisha ukumbi. Basi miguu yenyewe ikanichagulia. Nikatembea kama Obedi.

Najua umesimama kusoma hapo. Kaa, mama.

Unakumbuka marehemu mume wako alivyotembea. Alilima majaruba ya mpunga miaka arobaini, mpaka akawa ananyanyua miguu juu kama yuko kwenye tope hata akiwa kwenye lami. Nikanyanyua miguu vile vile. Nikakohoa mara tatu kabla ya kusema. Nikawaambia watoto sikilizeni, mimi sisemi mara mbili, kisha nikasema mara nne. Loisi, walianguka. Kuna mama alicheka hadi akamdondosha mtoto mgongoni, kanga ikamwokoa. Munira akaniambia kuanzia leo mikeka atandike mwingine. Wakanipa jina, Babu Jaruba. Nikiingia tu, watoto wote wanasimama na kunyanyua miguu.

Wala sikuona kosa. Wewe mwenyewe ni shahidi, ukoo wao na wetu ni watani tangu babu zetu, na juu ya hapo alikuwa shemeji yangu. Siku ya kuondoa tanga ni mimi niliyevaa koti lake nikatembea mwendo wake mbele ya wafiwa, kama ilivyo kazi ya mtani. Uliniambia nimemleta, ukacheka na machozi yakikutoka. Nikavua koti, nikakupa, kazi ikaisha. Nilidhani imeisha.

Kilichoanza ni miguu. Natoka ukumbini jioni, nimeshavua kofia ya maigizo, nafika kwangu, na miguu bado inanyanyuka. Jirani yangu Naima, yule anayepika chapati, aliniona naruka kizingiti ambacho hakipo, akaniuliza babu, huko kwenye kukufundisha kuigiza walikusahaulisha kutembea? Nikamjibu natengeneza nyonga. Nikaingia ndani nikajaribu kutembea kama mimi, Loisi, nikashindwa kukumbuka huwa natembeaje. Jaribu nawe siku moja kukumbuka mwendo wako, utaona.

Halafu likaja jina. Jumamosi moja niko katikati ya kuwaambia watoto habari ya chura, mdomo ukafunguka nikaita, Loisi! Sikupanga. Halikuwemo kwenye hadithi, hakuna chura anaitwa Loisi. Katoto kamoja ka mbele kakanijibu kwamba hayupo. Watu wakacheka. Nikaita tena, nikijifanya ni mchezo, na safari hii wakajibu wengi. Tangu siku ile hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda kuliko zote. Naita Loisi, na watoto mia mbili kwa sauti moja wananijibu, hayupooo! Munira akasema hicho kipande kibaki. Mimi nacheka nao, na jasho linanitoka mgongoni kama mtu anayefukuzwa. Maana nikiita, sauti siyo ile ninayoiigiza. Ninayoiigiza ni ya Obedi mzima. Hii ni ya Obedi wa wodini.

Sasa sikiliza hili, na usiseme ni uzee. Wiki tatu zilizopita nilishikwa na malaria. Jumamosi nzima nilikuwa kitandani natetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Naima aliniletea uji saa saba, akabaki mlangoni kwangu na chapati zake hadi jua linazama, kwa sababu aliogopa nisije nikafa yeye yuko mbali akakosa la kuwaeleza watu. Muulize. Anasema sikutoka.

Jumamosi iliyofuata nikaenda ukumbini kuomba radhi kwa kutofika. Munira akanishika mikono yote miwili. Akanishukuru. Akasema babu, wiki iliyopita ulitufanyia kitu kingine kabisa, lakini safari ijayo nionye kwanza, watoto ni wadogo. Nikadhani ananitania. Nikamwacha aseme. Akasema niliingia nimechelewa, sikumsalimu mtu, nikakaa ukingoni mwa jukwaa nimegeuza kichwa upande wa kushoto, kwenye dirisha, kama mtu anayesikiliza kitu nje. Nikaita Loisi. Watoto wakajibu hayupo. Nikaita tena, polepole. Wakajibu wachache. Mara ya tatu hakujibu mtu, na hakucheka mtu. Katoto kamoja kakainuka kwenye mkeka, kakaenda mpaka mlangoni, kakafungua, kakachungulia nje kumtafuta huyo Loisi.

Munira akasema alinirekodi, akatoa simu anionyeshe. Nikamwambia sina miwani. Miwani ilikuwa puani, Loisi.

Sijaitazama hiyo rekodi na sitaitazama. Huenda homa ilinibeba hadi kule na Naima alisinzia. Huenda. Lakini hicho kichwa kilichogeuzwa kushoto, kwenye dirisha, sikuwahi kumwigizia mtu. Sikukiigiza msibani, sikukiigiza ukumbini. Anayekijua ni mtu mmoja tu aliye hai, na ndiye anayekuandikia.

Nimekunywa maji, nimerudi. Sasa naandika haraka kabla sijaanza utani.

Nilikwambia Obedi alilala tu akaenda, hakusema neno. Umewaambia watu hivyo miaka miwili, na nimekusikia ukisema ni neema. Siyo kweli. Ilikuwa mchana, wewe ulikuwa nje kwenye bomba la hospitali unamfulia mashati, mimi nimekaa kando ya kitanda. Dirisha lilikuwa wazi, upande wake wa kushoto. Maji ya bomba tulikuwa tunayasikia. Akageuza kichwa kule, akaniambia, Nikodemo, niitie Loisi, mimi naondoka.

Ilikuwa hatua arobaini. Hata kuinuka nisingehitaji, ningepaza sauti tu dirishani.

Lakini unamjua mume wako. Si yeye aliyetutumia ujumbe anakata roho, nikaja Bahi kwa bodaboda nikikaribia kufa mimi, nikamkuta anakula wali na kambale na mchuzi unamtiririka kidevuni? Si yeye aliyejilaza siku ile ya sikukuu akijifanya mgonjwa mpaka ukamchinjia jogoo? Kwa watani kila neno ni mtego, na anayenaswa anachekwa mwaka mzima. Nikajiambia leo hanipati mbele ya wagonjwa wote hawa. Nikasimama katikati ya wodi. Nikanyanyua miguu kama yeye. Nikakohoa mara tatu. Nikageukia wagonjwa nikasema kwa sauti yake, niitieni Loisi, mimi naondoka, na jogoo awe wa kuchoma. Wodi nzima ikacheka. Kuna mzee wa mguu wa plasta alijishika mbavu akiniomba nimwonee huruma. Na mimi ukinichekea unajua ninavyokuwa, nikarudia. Nyuma yangu nikamsikia akiita jina lako mwenyewe, kwa sauti ndogo, mara tatu. Mara ya tatu watu walicheka zaidi, walidhani tumepanga.

Nilipogeuka alikuwa anatazama dirisha. Nikamwambia amka, tumeshakuona. Nikamwambia haya, umeshinda, jogoo utapewa. Nikamtekenya mguu. Nje maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka, nawe ulikuwa unaimba.

Hiyo ndiyo habari. Mtani huigiza mtu akishakufa, ili wafiwa wapumue. Mimi nilimwigiza akiwa bado anahitaji mtu wa kumwitia mkewe, na wewe ukakosa neno lake la mwisho kwa sababu mimi nilitaka kuchekesha wodi. Nimeishi na hilo nikikutania kwenye simu. Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunitukana, tukana, na safari hii usiweke kicheko ndani yake.

Nisalimie wajukuu wote, na mwambie Restuta wa jirani kwamba ungo wake nitaurudisha, asianze kunisema. Castory mpe chakula kabla hajapakia mchele, yule akiwa na njaa hupotea njia. Ukiamua kuja, njoo na wajukuu wadogo, ni bure, wala usibebe mchele wa kuniletea, beba miguu yako tu. Nitakuwekea nafasi kwenye benchi la mbele, upande wa kushoto, karibu na dirisha.

Na kuna deni ninalokudai, tena la zamani kuliko ndoa yako. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Jua linatua, baba yuko zizini anakuita akamue nawe, na wewe umetoroka kwenda kuonana na huyo huyo Obedi kule korongoni. Aliita mara mbili, fimbo ikiwa mkononi. Mara ya tatu nikabana pua nyuma ya nyumba nikaitika kwa sauti yako, abee baba, nakuja! Ukarudi ukakuta amani. Ukaniambia kaka, siku moja nitakulipa, nami sijawahi kukudai hata siku moja. Basi nadai sasa, na sitaki kikubwa. Jumamosi nitatoka nikinyanyua miguu, nitageuza kichwa, nitaita. Waambie watoto wanyamaze wasijibu hayupo. Akikuita, itika.

Ni mimi kaka yako,
Nikodemo