Ua Uliopita Katikati

Mdogo wangu Zabroni,

Amahoro. Nakusalimu wewe, wifi na watoto hapo Busunzu. Natumaini mvua ni za wastani na maharage yameshika. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inaniuma mpaka meno.

Mama alinipigia Jumapili baada ya ibada. Hakulia, na ndiyo maana niliogopa. Alisema umegombana na kaka yetu Eliasi, ukachomeka fito za minyaa kutoka mlangoni hadi migombani, kuugawa ua wa baba. "Mwana wanje," akaniuliza, "sasa jikoni kwangu ni kwa nani?"

Kesho yake nilikuwa namlisha mzee mmoja, hapa tunapotunza wazee. Alikuwa mwalimu wa lugha, na usipomsikiliza hafungui mdomo kwa uji. Nikamweleza habari zenu. Akasema kwao ua wa fito huitwa Zaun. Ni neno la kale. Kwa Waholanzi limekuwa tuin, yaani bustani, na kwa Waingereza likawa town, yaani mji.

"Wote tulianza na fito," alisema. "Wenzetu wakatazama kilichomo ndani. Sisi tukabaki na fito."

Nikamwambia kwetu Buha ni urugo: ndio ua, ndio nyumba, ndio watu waliomo. Ndipo akanisimulia yake. Kumbe naye aligawana kiwanja cha baba yao na nduguye kwa ua. Nduguye amefariki, ua bado upo. Tangu nianze kazi hapa sijaona mtu akija kumtazama. Niliumia, Zabroni, nikawaona ninyi.

Una kichwa kigumu, na Eliasi naye mdomo wake naujua. Lakini umechomeka minyaa mibichi, tena mvua zikinyesha. Unajua kwetu ua ukishachipua haung'olewi. Hata baba alizunguka miaka yote ule wa jirani uliomeza njia yetu.

Zing'oe sasa, ila usizitupe. Nyuma ya jiko la mama kuna pengo wanapopita ng'ombe. Zipandeni pale, wewe ukichimba na Eliasi akishika. Zikichipua huko zitawazunguka nyote.

Msalimie mama, na mjomba wa Rungwe Mpya akija. Salamu za Eliasi usimpigie simu, mpelekee kwa miguu. Pita katikati ya zile fito. Leo bado zinapitika.

Ni mimi dada yako,
Konsolata